Kituo cha Jambiani: maswali tunayoulizwa kuhusu kutua ufukweni katikati ya safari ya kuzunguka dunia

Mimi na mume wangu tulikuwa katika mwaka wa pili wa safari yetu ndefu tuliposhuka kwenye treni ya TAZARA Dar es Salaam, tukavuka bahari hadi Unguja na kukaa katika kijiji cha Jambiani, pwani ya mashariki. Tangu hapo ndugu, marafiki na wasafiri wenzetu wamekuwa wakituuliza maswali yale yale. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi. Jibu linapotegemea jingine, tumetaja swali la kutazama ili tusirudie maneno.

## Mambo ya msingi

Kituo cha ufukweni ni nini, na kina tofauti gani na likizo?

Anayekwenda likizo hutoka nyumbani na hurudi nyumbani, kwa hiyo siku zake chache huzijaza mambo: leo pomboo, kesho viungo, kesho kutwa Mji Mkongwe. Sisi tulikuwa tumeshaona mambo ya kutosha. Kutoka Cape Town tulipita Namibia na Zambia kwa mabasi, kisha tukapanda treni New Kapiri Mposhi na kusafiri kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam. Tulipofika hatukuwa na hamu ya kuona kitu kingine chochote. Tulitaka kufua kila nguo tuliyokuwa nayo, kushona begi lililochanika, kulala kitanda kimoja usiku baada ya usiku na kupanga sehemu iliyobaki ya safari.

Kituo, basi, ni sehemu ya safari yenyewe, kama vile jahazi lipandishwavyo pwani likakwanguliwa na kutiwa kalafati kabla ya kurudi majini. Atakayekiingia kwa fikra za likizo atachoka zaidi ya alivyofika.

Kwa nini mlichagua Jambiani, wakati dunia imejaa fukwe?

Sababu ya kwanza haina uzuri wowote wa kusimulia: tulikuwa tunasubiri viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania anayetaka kwenda Ulaya kwa kawaida huombea viza katika nchi anayoishi, na pasipoti hubaki mikononi mwa ubalozi au wakala wake wakati maombi yakishughulikiwa. Ukiwa ugenini bila pasipoti unaishi kwa wasiwasi, lakini katika nchi yako mwenyewe unaweza kuiacha ubalozini ukaendelea kula wali wako kwa amani.

Sababu ya pili ni lugha. Kwa miezi mingi tulikuwa tukiishi kwa Kiingereza na ishara za mikono. Kukaa mahali ambapo unaweza kutania muuza samaki, kuelewa ugomvi wa majirani na kujua kwamba mtoto anayekusimamisha njiani anakuamkia tu, hilo peke yake ni mapumziko. Wenyeji wa kusini mwa Unguja wana lahaja yao, Kikae, na wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe mgeni wa bara hubaki akiokota neno moja moja. Mume wangu, ambaye ni mtu wa Kondoa, alishangaa kwamba kuna Kiswahili kinachoweza kumwacha nyuma.

Kama mlikuwa Tanzania, kwa nini hamkwenda nyumbani?

Swali hili tunaulizwa na mama zetu, na kwa hiyo tunalijibu kwa uangalifu. Nyumbani kwangu ni Tanga, nako pia kuna bahari. Lakini msafiri aliyerudi nyumbani hapumziki: anatembelea wagonjwa, anahudhuria harusi, anatoa pole kwa misiba iliyompita, anasimulia safari ile ile katika kila sebule, na kila mwenye nyumba anamwandalia chakula ambacho kukikataa ni aibu. Tulikwenda Tanga na Kondoa baadaye, tukiwa tumeshapumzika, tukafanya hayo yote kwa moyo mweupe. Tungeanzia huko, pengine safari ingeishia huko.

Tukae siku ngapi?

Tunashauri wiki mbili au zaidi, na hatukuchukua idadi hiyo hewani. Pwani ya mashariki bahari hubadilika kwa mzunguko wa takriban siku kumi na nne na robo tatu, kutoka bamvua moja hadi jingine, na anayekaa siku nne huona kipande kimoja tu cha mzunguko huo. Ndiyo maana mmoja huondoka akisema Jambiani haina maji, na mwingine huondoka akisema maji yanafika hadi ukutani. Wote wawili wamesema kweli ya siku zao. Maelezo zaidi yapo katika swali linalofuata.

## Bahari na majira

Bamvua ni nini, na kwa nini mnalitaja kila mara?

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika hamsini kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa mwezi na wa jua huungana: maji hujaa sana na hupwa sana. Hilo ndilo bamvua, na kilele chake huja siku moja au mbili baadaye. Katikati ya mabamvua mawili, mwezi ukiwa nusu, maji husogea kidogo tu, na wenyeji huyaita maji mafu. Unguja, wakati wa bamvua kubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia takriban mita nne.

Mbele ya Jambiani kuna wangwa mpana wa mchanga mweupe, na mbali kabisa, panapoonekana mstari wa povu, ndipo ulipo mwamba unaozuia mawimbi ya bahari kuu. Kwa sababu wangwa huo una kina kidogo, maji yakipwa kwa bamvua huondoka mamia ya mita, ngalawa zikalala ubavu kwenye mchanga, na mtu akatembea mahali ambapo jioni samaki watapita.

Tulichochelewa kukijua ni kwamba saa za bamvua hazibadilikibadiliki ovyo. Katika pwani hii, siku za bamvua maji huwa yamepwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi na hujaa karibu saa kumi, jioni na alfajiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi kuna maji, alasiri hakuna mengi. Bibi mmoja jirani yetu hakuhitaji jedwali wala simu. Alihesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu, akijua kwamba mwezi mosi na mwezi kumi na tano huleta bamvua, akatuambia siku tatu kabla ni saa ngapi tusijisumbue kwenda kuoga.

Je, tunaweza kuogelea kila siku?

Kila siku mnaweza, lakini si kila saa. Panga kuogelea saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa mbili baada ya hapo. Anayejifunza kuogelea atafaidi zaidi siku za maji mafu, kwa kuwa maji hayana haraka. Mume wangu, aliyekulia mahali ambapo maji mengi aliyowahi kuyaona yalikuwa ya lambo, alijifunza kuelea katika siku hizo, huku watoto watatu wakimsimamia na kumpa amri kama makocha.

Msivuke mwamba bila mwenyeji. Maji yanayokupwa hutafuta milango ya mwamba ili yatoke, na katika milango hiyo mkondo huwa na nguvu isiyolingana na mwogeleaji wa kawaida. Anayetaka kuona matumbawe aende kwa ngalawa na mvuvi anayejua saa za kutoka na za kurudi. Kuhusu wanyama wa miiba, tazama swali la afya.

Ni msimu gani unaofaa kwa kituo cha aina hii?

Kuanzia Juni hadi Septemba huvuma kusi. Hewa ni ya baridi kidogo, mvua ni chache, na upepo hupiga moja kwa moja pwani ya mashariki, jambo linalowafurahisha wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa huko Paje na kuwaudhi wanaotaka kusoma gazeti nje. Desemba hadi Februari ni kaskazi, wakati wa joto na upepo wa pili wa watelezaji hao. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba.

Wengi hukimbia masika, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa Aprili na Mei. Kwa mtalii wa siku tano hilo ni kweli. Kwa wasafiri wanaotafuta kituo, mimi nasema kinyume: mvua hunyesha kwa vipindi, nyumba hushuka bei, na mwenye nyumba ana muda wa kuzungumza. Tulikuwa huko mwezi Mei na hatukujuta, ingawa nguo zilichukua siku mbili kukauka na kitabu changu kimoja kiliota ukungu.

Wale wanawake wanaoinama baharini asubuhi wanafanya nini?

Wanalima mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na kimebaki zaidi mikononi mwa wanawake. Vigingi hupigwa mchangani, kamba ikavutwa kati ya kigingi na kigingi, na vipande vya mwani vikafungwa kwa vikamba vifupi viitwavyo taitai. Ukikomaa huvunwa, huanikwa na kuuzwa ukiwa mkavu. Viwandani hutolewa ndani yake utomvu wa kugandisha vyakula, dawa za meno na vipodozi.

Tulialikwa na jirani asubuhi moja ya bamvua. Maji yalitufika magotini, vuguvugu kama ya kuogea mtoto, na jua lilitupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Nilifunga vipande kumi na viwili katika muda ambao yeye alimaliza kamba nzima na nusu, tena akizungumza. Vidole vyake vilikuwa na alama nyembamba nyeupe mahali ambapo taitai hupita. Alituambia kwamba aina wanayoiita kotoni ndiyo yenye bei nzuri, lakini maji yakipata joto sana hufa, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu, inayovumilia zaidi na kulipa kidogo.

Mnalosahau wageni, na sisi tulisahau, ni kwamba vigingi vile ni shamba la mtu. Msipite katikati yake, msikanyage kamba, na msipige picha kabla ya kuomba ruhusa.

## Kufika na kuishi

Tunafikaje Jambiani kwa gharama ndogo?

Kutoka Dar es Salaam boti za kasi hufika bandari ya Malindi kwa takriban saa mbili. Wageni wa nje hukaguliwa pasipoti wanapoingia Zanzibar hata kama wametoka Tanzania Bara, kwa hiyo waiweke karibu. Wanaokuja kwa ndege hushuka uwanja wa Abeid Amani Karume. Kutoka mjini hadi Jambiani ni zaidi ya kilomita hamsini, na daladala yake ni namba 309. Ulizeni mapema kituo inakoanzia, kwa kuwa vituo vya mjini vimehamishwa zaidi ya mara moja. Nauli yake haifikii sehemu ya kumi ya teksi. Begi hupandishwa juu ya gari pamoja na magunia ya mchele, godoro la mtu na, siku yetu, mlango mpya wa mbao.

Njia hupita msitu wa Jozani, na ukikaa upande wa dirisha unaweza kuwaona kima punju barabarani. Hawapatikani mahali pengine duniani isipokuwa visiwa hivi.

Hoteli au nyumba ya kupanga?

Kwa siku tatu za kwanza chukueni chumba cha kawaida katika nyumba ya wageni, kisha tembeeni kijijini kwa miguu na kuuliza. Nyumba nzuri za kupanga kwa wiki mbili au mwezi hazitangazwi popote. Hupatikana dukani, kwa fundi cherehani au baada ya swala, mtu akisema mjomba wake ana vyumba viwili visivyo na mtu.

Kabla ya kulipa hakikisheni mambo matatu: maji ya bombani yana chumvi kiasi gani, kwa kuwa visima vya pwani mara nyingi ni vya maji yenye chumvichumvi, nani anayelipa umeme, na kama mwenye nyumba amemwarifu sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lake, kwamba ana wageni. Jambo hili la mwisho ni adabu na ni utaratibu pia. Jambiani ina shehia za Kibigija na Kikadini, na ni vizuri kujua mko upande upi.

Vipi kuhusu fedha, umeme na mtandao?

Njooni na fedha taslimu za kutosha siku kadhaa, na mwe na laini ya simu iliyosajiliwa ili mlipe kwa simu. Mgeni wa nje husajiliwa laini kwa pasipoti na alama za vidole. Umeme wa kisiwa hutoka Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Wenye umri wanakumbuka kiza cha miezi mitatu kilichoanza Desemba 2009, na ndiyo maana nyumba nyingi bado zina taa za akiba. Mita ya malipo ya kabla, ambayo Bara tunaiita LUKU, hapa huitwa TUKUZA. Ukiomba LUKU dukani utaeleweka, lakini utachekwa.

Mtandao wa simu ulitutosha kutuma fomu na kuzungumza na wazazi kwa video.

Mnakula nini, na mnapika wenyewe?

Tulipika mchana na kununua asubuhi na jioni. Asubuhi kuna chapati, maandazi, mihogo ya nazi na supu ya pweza. Samaki nunueni pale ngalawa zinaporudi, nanyi mtajua saa hiyo kwa kujua maji, si kwa kutazama saa ya ukutani. Changu na tasi hufaa kukaanga. Pweza apigwe kwanza hadi alainike, vinginevyo mtatafuna hadi magharibi. Ukimwagiza mtu samaki, usimwambie bei uliyolipa wiki iliyopita. Siku za kusi kali watu hawatoki, na bei ya samaki hupanda kwa haki kabisa.

Urojo subirini siku ya kwenda mjini.

Tuvae nini?

Mavazi ya kuogelea yabaki majini na mbele ya hoteli. Kijijini, dukani na kwenye daladala, mwanamke na mwanamume wafunike mabega na magoti. Kanga mbili zinatosha kutatua tatizo hili, na hutumika pia kama shuka, pazia, taulo na mfuko. Watu wa Jambiani wamewazoea wageni na mara nyingi hawatasema neno, lakini kimya chao si ruhusa.

Vifaa vyetu vitavumilia?

Havitavumilia msipovitunza, na hili linastahili maneno mengi kuliko mavazi, kwa sababu wasafiri wa muda mrefu wamebeba maisha yao yote ndani ya mabegi mawili. Chumvi haiko majini tu, iko hewani. Zipu za begi hukwama baada ya wiki moja: zifuteni kwa maji yasiyo na chumvi na kuzipaka mshumaa. Kompyuta iwekwe ndani ya mfuko uliofungwa kila isipotumika, na isiachwe dirishani upepo unapovuma kutoka baharini. Sisi tuliiacha. Tundu la chaja lilishika kutu ya kijani, na fundi wa mjini alilisafisha kwa mswaki na spiriti huku akituuliza kwa upole kama tumewahi kuishi karibu na bahari. Mimi mtu wa Tanga sikujibu.

Hati zote za karatasi, yaani cheti cha ndoa, kadi ya chanjo na taarifa za benki mlizoandaa kwa ajili ya viza, zilazwe ndani ya plastiki nzito pamoja na punje za mchele au vifuko vya kunyonya unyevu. Unyevu wa masika hukunja karatasi hadi muhuri ukahamia ukurasa wa pili.

## Watu wawili, chumba kimoja

Hamgombani?

Tunagombana, na kituoni zaidi kuliko njiani. Njiani kuna adui wa pamoja: basi lililochelewa, afisa wa mpakani, mvua. Mkitulia, adui huyo hayupo, na yale mliyoyaahirisha kwa miezi sita hupata nafasi ya kusemwa. Wiki yetu ya kwanza Jambiani tulinuniana kwa siku mbili juu ya fedha ambazo mume wangu alimpa binamu yake bila kunieleza, jambo lililotokea tukiwa Lusaka.

Kilichotusaidia ni kugawana siku. Asubuhi kila mtu alikwenda njia yake. Mimi kwa majirani zangu wa mwani, yeye kwa mafundi wanaotengeneza ngalawa, ambako alikaa kwenye gogo akiwashikia mbao. Tulikutana wakati wa chakula tukiwa na habari za kupeana. Kwa wapenzi waliokuwa pamoja saa ishirini na nne kila siku kwa mwaka mzima, kuwa na habari ambayo mwenzako hakuiona ni kitu cha thamani.

Tutaulizwa cheti cha ndoa?

Katika hoteli za watalii hatukuulizwa. Katika nyumba ya kupanga ndani ya kijiji tuliulizwa, kwa heshima, na mzee aliyekuwa na haki ya kujua nani analala katika ua wake. Tulionyesha nakala na mazungumzo yakahamia kwenye bei. Wasio na cheti wachague hoteli, wala wasidanganye, kwa kuwa kijiji ni kidogo na uongo huwafikia watu kabla ya mgeni kumaliza kuusema.

## Hati, afya na hali zisizo za kawaida

Maombi ya viza yanapangwaje na kituo hiki?

Kwa viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ambayo ndiyo tuliyoiomba, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku kumi na tano kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku kumi na tano, lakini unaweza kufika siku arobaini na tano. Ada ya mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari inatakiwa kuwa na kiwango cha yuro 30,000 au zaidi. Msafiri huruhusiwa siku 90 katika kila siku 180.

Kwa hiyo sisi tulikwenda kwanza Dar es Salaam, tukatoa alama za vidole na kuacha pasipoti, ndipo tukavuka. Waliofanya kinyume chake hulazimika kupanda boti mara nne. Msinunue tiketi ya ndege isiyorudishika kabla ya jibu. Sababu mtaiona katika swali la mwisho.

Mmoja wetu si raia wa Tanzania. Kuna lipi la ziada?

Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza. Wengine wengi hulipia, kwa kawaida dola 50, na Wamarekani dola 100. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wasio wakazi wanaoingia Zanzibar wanatakiwa pia kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyoanza kwa dola 44 kwa mtu mzima, hata kama wana bima nyingine. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano, zikiwemo Kenya, Uganda na Ethiopia, awe na kadi ya chanjo. Mgeni asifanye kazi yoyote ya malipo kijijini bila kibali, hata ile ndogo ya kusaidia mapokezi ili alale bure.

Je, afya na hatari ndogondogo?

Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini haijaisha, basi laleni ndani ya chandarua. Vaeni viatu vya plastiki mnapotembea wangwani, kwa sababu ya wale wanyama weusi wa miiba wanaojibanza kwenye nyasi na mawe. Miiba yao hukatika ndani ya nyayo, na wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi ili ilainike na kutoka. Mume wangu alitibiwa hivyo na akalala salama. Kwa jambo kubwa zaidi kuna hospitali Makunduchi, na rufaa huenda Mnazi Mmoja mjini.

Jua la wangwani huunguza hata ngozi nyeusi. Tuliambiwa, tukacheka, tukabambuka mabega.

Tukifika Ramadhani?

Njooni, mkijua kwamba migahawa mingi ya kijijini hufungwa mchana na kwamba kula au kunywa hadharani ni utovu wa adabu. Kuleni ndani. Jioni mtalipwa: majirani huleta sahani za futari, mihogo, majimbi na ndizi za nazi, na sahani hairudishwi tupu. Sisi tulijaza maembe.

Viza ikikataliwa tukiwa ufukweni, tufanyeje?

Ilikataliwa mara ya kwanza. Barua ya kukataliwa hueleza sababu kwa visanduku vilivyotiwa alama, na yetu ilisema kwamba nia yetu ya kurudi haikuthibitika. Ukiwa umeondoka nyumbani kwa karibu miaka miwili, huwezi kusema afisa huyo amekosea kabisa. Mwombaji ana haki ya kukata rufaa, na anaweza pia kuomba upya akiwa na ushahidi ulio bora. Sisi tulichagua kuomba upya, tukaongeza hati ya kiwanja cha Kondoa, barua ya ndugu anayetushikia biashara na ratiba fupi kuliko ile ya kwanza.

Habari ilitufika kwa simu karibu saa tano asubuhi, maji yakiwa yamepwa kabisa na wanawake wakirudi na magunia ya mwani kichwani. Jirani yetu alitua gunia lake, akasikiliza, akauliza mambo hayo huchukua muda gani. Tulimwambia wiki mbili, pengine zaidi. Alihesabu kwa vidole na kusema tungekuwapo hadi mwezi mpevu. Jioni tulikwenda kwa mwenye nyumba tukalipia bamvua jingine.